Nani Mwenye Mlango? Songwe na Majirani Zake Katika Utalii wa Utamaduni

Desemba 1930, mtaalamu wa miamba wa serikali ya kikoloni, Dk. D. R. Grantham, alitumia saa 10 kukata kwa msumeno ncha ya jiwe lililolala ubavuni mwa kilima cha Marengi, Mbozi, katika mkoa wa leo wa Songwe. Alichopata kwa saa zote hizo ni kipande cha sentimita 10. Jiwe lenyewe ndilo Kimondo cha Mbozi: takriban asilimia 90 chuma, karibu asilimia 9 nikeli, urefu wa mita 3 hivi. Makadirio ya uzito wake yamekuwa yakibadilika. Zamani iliandikwa tani 25, siku hizi zinatajwa 16, na wapo wanaosema 12. Ukikisogelea utaona mapengo kwenye ncha yake nyembamba. Yaliachwa na watu waliotaka kuondoka na kipande cha ukumbusho. Chini yake imebaki nguzo ya udongo iliyoimarishwa kwa saruji, kwa kuwa waliokifukua walichimba pande zote ili umbo lionekane, wakauacha udongo wa katikati ubebe mzigo.

Vitabu vinasema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi, W. H. Nott. Wenyeji walikuwa wakikijua vizazi na vizazi kabla yake. Tena wenyeji hao, Wanyiha, walikuwa mabingwa wa kuyeyusha na kufua chuma. Ufundi wao ulifanyiwa utafiti na Beverley Brock na P. W. G. Brock, wakauchapisha mwaka 1965, wakati bado wapo wazee waliokumbuka tanuri zinavyojengwa. Kwa hiyo katika wilaya moja kuna chuma kilichoanguka kutoka angani na watu waliojua kutoa chuma ardhini. Ni nadra kupata mambo mawili yanayoitana namna hiyo, na habari yake kamili anaweza kuisimulia vizuri mtu wa hapo hapo tu.

Serikali ilikitangaza kimondo kuwa urithi unaolindwa mwaka 1967, na miaka ya karibuni usimamizi wake umewekwa chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Ulinzi umepatikana, siku hizi hakuna anayekaa pale saa 10 na msumeno. Swali lililobaki ni la kijiji cha Ndolezi, kilipo kimondo, na vijiji jirani: je, wao ni walinzi wa geti, wapita njia, au ni wenyeji wanaompokea mgeni kwao? Swali hilo wamelikabili wengine pia, Malawi, Zambia, Kenya, Mwanza na Unguja, kila jamii kwa mila yake. Naamini Songwe inaweza kujifunza kwao, na pengine kuwazidi.

Wapita njia wengi, wageni wachache

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa. Barabara kuu ya TANZAM na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi na iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, zote zinavukia Tunduma. Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walifungua kituo cha pamoja cha huduma mpakani, Tunduma na Nakonde, ili mzigo usikaguliwe mara mbili. Dereva wa lori anayesubiri karatasi zake za forodha hulala gesti, hula kwa mama lishe, hubadilisha shilingi kwa kwacha, kisha huwasha gari. Ni nadra aambiwe kwamba jana yake, alipokuwa akikatiza Mbozi kwenye mashamba ya kahawa, aliipita njia panda ya kwenda kwenye kimondo.

Mpaka anaouvuka una historia yake. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890 ulichora mstari kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika kwa hesabu ya kuibakiza Barabara ya Stevenson upande wa Waingereza. Hiyo ilikuwa njia ya misafara iliyoanza kukatwa kutoka Karonga mwaka 1881. Njia ikapata mwenyewe, watu wakagawanywa. Leo Wanyamwanga wako Momba na wako Nakonde. Walambya wako Ileje na wako Chitipa. Wandali wa Ileje wana ndugu zao kwenye milima ya Misuku, ng'ambo ya Mto Songwe, na Wanyiha wametapakaa nchi zote tatu. Asasi ya utamaduni itakayojifungia ndani ya mipaka ya mkoa itakuwa imeshika nusu ya habari.

Ninapolinganisha mifano inayofuata nitatumia maswali manne. Nani ana mamlaka ya kumfungulia mgeni mlango, au kumfungia? Ni kitu gani kisichoonyeshwa wala kuuzwa? Fedha inapita mikono ya nani? Na mwanzilishi au mfadhili akiondoka, kinabaki nini?

Karonga: mifupa iliyopata nyumba

Jirani wa karibu kuliko wote ni Karonga. Mwaka 1991, mahali panapoitwa Uraha, watafiti waliokuwa wakiongozwa na Friedemann Schrenk na Timothy Bromage walipata taya la binadamu wa kale linalokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 2.4. Walikuwa wakifuata wazo kwamba kati ya mabaki ya kale ya Afrika Mashariki na yale ya Kusini lazima kulikuwa na njia ya kupita, na njia hiyo ilikuwa hapa, kandokando ya Ziwa Nyasa na mabonde ya jirani. Miaka ile ile dunia ya sayansi ilipata pia jina la Malawisaurus, dainosaria aliyefukuliwa wilaya hiyo.

Kilichofanywa baadaye ndicho kinachotuhusu. Asasi ya Uraha Foundation, iliyowaunganisha Wamalawi na Wajerumani, ilitafuta fedha za Umoja wa Ulaya, na mwaka 2004 likafunguliwa jumba la utamaduni na makumbusho mjini Karonga. Ndani kuna mfano wa mifupa ya Malawisaurus wenye urefu wa mita 12, na maonyesho yanamchukua mgeni kuanzia zama za dainosaria hadi Malawi ya vyama vingi. Katikati ya safari hiyo kuna Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyepigana na Waingereza Karonga tangu 1887 na kunyongwa 1895. Habari yake inauma, nao hawakuificha. Jumba linafanya kazi mbili: linahifadhi vitu, tena ni uwanja wa ngoma na mahali pa wanafunzi kujifunzia.

Sasa tazama upande wa Songwe. Katika bonde la Rukwa, ndani ya mkoa huu na jirani zake, wanasayansi wamefukua ndugu wa Malawisaurus na kuwatangaza mmoja baada ya mwingine: Rukwatitan mwaka 2014, Shingopana songwensis mwaka 2017, Mnyamawamtuka moyowamkia mwaka 2019. Huyo wa mwisho alipewa jina hilo kwa sababu pingili ya mkia wake ina umbo la moyo na alipatikana kwenye kingo za mto Mtuka. Majina ni ya kwetu na ardhi ni ya kwetu. Lakini mnyama huyu anafahamika zaidi kwa wasomaji wa majarida ya kisayansi ya ng'ambo kuliko kwa mtoto wa shule Mkwajuni. Karonga na Songwe hazikuzidiana kwa utajiri wa ardhi. Karonga ilipata asasi iliyokaa chini na watu wa mahali na kuuliza mifupa hii itakaa wapi, na mtoto wa hapa ataionaje.

Udhaifu wa Karonga nao usifichwe. Jumba lililozaliwa kwa fedha za nje hubaki likiutazama mlango wa nje kila paa linapovuja. Mfano huu unajibu vizuri swali la kuhifadhi. Swali la kudumu halijibu vizuri kiasi hicho.

Mapadre wawili kutoka Kanada

Kuna bahati ya historia inayorahisisha ulinganisho wetu. Mapadre wawili wa shirika la White Fathers, wote Wakanada, walianzisha makumbusho mawili ya utamaduni wa Kiafrika, kila mmoja kwa njia yake. Padre David Clement alianzisha Bujora, Kisesa karibu na Mwanza, miaka ya 1950. Padre Jean-Jacques Corbeil alikusanya vitu vya Wabemba na majirani zao kwa miongo kadhaa, na mkusanyo wake ndio uliozaa Makumbusho ya Moto Moto, Mbala, kaskazini mwa Zambia. Yalipewa jina la utani la Askofu Joseph Dupont, na mwaka 1974 yakaingia chini ya bodi ya makumbusho ya taifa la Zambia.

Clement alikaa na kamati ya wazee waliokutana kujadili mila za Wasukuma, kisha akajenga kwa kufuata walichosema. Banda la watemi lina umbo la kiti chao cha enzi, ngoma za kifalme zikapewa nyumba, na hata kanisa likachukua umbo la msonge. Zaidi ya yote, Bujora iliupa nafasi mchezo ambao Wasukuma walikuwa nao kabla ya padre yeyote: mashindano ya Bagika na Bagalu. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, viwanja vikitazamana. Hakuna jaji wa kuinua kibao. Watazamaji wako huru kwenda huku au kule, na kikundi kitakachokusanya watu wengi zaidi kwake ndicho mshindi. Ndiyo maana wachezaji hawaishi kubuni: huyu analeta chatu, yule nungunungu, mwingine anatembea juu ya miti mirefu. Kila mwaka wakati wa Bulabo, sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, Kisesa hufurika. Mtalii akifika anakuta sherehe ya watu wenyewe, naye anakuwa mtazamaji mmoja zaidi ambaye miguu yake inahesabiwa.

Corbeil alishika jambo zito zaidi. Sehemu mashuhuri ya mkusanyo wake ni mbusa, vinyago vya udongo na michoro ya mafundisho ya chisungu, unyago wa wasichana wa Kibemba. Vitu hivyo hufinyangwa na kina mama kwa ajili ya sherehe, hufundishiwa, na vingi huvunjwa au kutupwa mafunzo yakiisha. Kwa kuviweka kabatini Corbeil aliviokoa visipotee, na watafiti wanamshukuru. Lakini pia alikifanya kidumu kitu ambacho mila ilikusudia kipite, na akakiweka mbele ya macho ya wanaume na wageni ambao zamani wasingekiona kamwe. Simlaumu; alifanya kazi hiyo wakati wengi wa wenzake waliona unyago ni ushenzi wa kufutwa. Ila mtu akisimama mbele ya kabati lile Mbala ana haki ya kujiuliza: kina mama waliovifinyanga waliulizwa?

Ukiwapima wawili hawa kwa maswali yetu, Bujora inapata alama nyingi zaidi kwenye swali la mlango, kwa kuwa ngoma zilibaki mikononi mwa wachezaji. Moto Moto inapata zaidi kwenye swali la kudumu, kwa kuwa taifa lilipokea jukumu. Songwe inavihitaji vyote viwili.

Kinondo: jamii inayojua kukataa

Mfano ninaouheshimu kuliko yote uko Kwale, pwani ya Kenya. Kaya Kinondo ni msitu mdogo mtakatifu wa Wadigo, mojawapo ya jamii za Mijikenda, ufukweni Diani, ukiwa umezungukwa na hoteli. Misitu ya kaya za Mijikenda ilikuwa ikimegwa mwaka hadi mwaka. Tangu mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalianza kuzitangaza kaya hizo kuwa urithi wa taifa na kuweka kitengo maalumu cha kuhifadhi misitu ya pwani. Mwaka 2001 wazee wa Kinondo, wakisaidiwa na makumbusho na wadau wa mazingira, walikubali kupokea watalii. Mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya kadhaa, Kinondo ikiwemo, katika Urithi wa Dunia.

Tazama mgeni anavyopokelewa. Haingii bila kijana wa kijiji kumwongoza. Anafungwa kaniki nyeusi kiunoni, awe waziri au mwanafunzi. Anaambiwa mapema: hakuna kubusiana msituni, hakuna kutoka na chochote, kiwe jani au kokoto. Yako maeneo atakayoyasikia tu, miguu yake haitafika. Anaruhusiwa kuukumbatia mti mkubwa, na wageni wengi hueleza kwamba hicho ndicho walichokikumbuka Diani nzima.

Hapa swali la mlango limejibiwa kabla ya swali la fedha. Wazee walianza na orodha ya makatazo, kilichobaki ndicho kikawa bidhaa. Na cha kushangaza, makatazo hayakumfukuza mgeni, yalimvuta. Anayelazimika kuvaa kaniki anajua ameingia mahali pa watu wenye neno lao. Makumbusho ya taifa yalileta sheria, wadau wa mazingira wakaleta mafunzo na fedha za kuanzia, lakini hakuna kati yao aliyejifanya mzee wa kaya.

Fedha na mikono inayopitia

Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Utalii wa utamaduni upimwe hapo: mwenyeji amepona?

Tanzania ilijaribu jibu lake katikati ya miaka ya 1990, pale shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, liliposhirikiana na Bodi ya Utalii kuanzisha mpango wa utalii wa utamaduni. Vijiji vya kaskazini kama Ng'iresi, Longido na Mto wa Mbu vilianza kupokea wageni kwa matembezi, chakula cha nyumbani na mazungumzo. Ubora wa mpango ulikuwa kwenye kuvunja ada vipande vinavyoonekana: hiki cha mwongozaji, hiki cha mama aliyepika, hiki cha maendeleo ya kijiji, kiende shule au zahanati. Waholanzi walipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, vikundi vingi vilibaki, kwa sababu mwongozaji alikuwa tayari anaishi kwa kazi yake. Nyanda za Juu Kusini tulipata wetu pia. Kikundi cha Sisi kwa Sisi cha Mbeya kimekuwa kikiwapeleka wageni Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu na hadi Kimondo. Na Tukuyu, taasisi ya Tulia Trust imekuwa ikiandaa tamasha la ngoma za asili.

Onyo linatoka Unguja. Sauti za Busara, tamasha la muziki linaloandaliwa na asasi ya Busara Promotions, limekuwa likijaza Ngome Kongwe kila Februari tangu 2004. Hoteli, wauza vyakula na madereva wa teksi wa Mji Mkongwe wanaijua wiki hiyo. Hata hivyo mwaka 2016 tamasha halikufanyika, fedha hazikutosha, likarudi 2017. Mji mzima unaweza kunufaika na kazi ya asasi moja huku gharama ikibebwa na asasi hiyo na wafadhili wake peke yao. Ushirikiano wa kweli unamtaka anayevuna naye apande. Tunduma, yenye mawakala wa forodha, wenye gesti, wasafirishaji na wafanyabiashara wa nafaka, isisubiri balozi wa nchi ya mbali alipie ngoma ya Wanyamwanga.

Utajiri uliosafiri kwa miguu

Wakisikia utamaduni wa Songwe, wengi hufikiria kabila moja, ngoma moja, vazi moja. Historia ya barabara hii inasema vingine. Mwishoni mwa karne ya 19 ilianza pwani, Lamu na Mombasa, ngoma ya beni iliyoiga gwaride na bendi za kizungu, yenye vyeo, sare na mashindano makali ya mitaa. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Karonga ikiwa uwanja wa mapambano tangu Septemba 1914, askari na wapagazi waliibeba ngoma hiyo bara. Mwanahistoria Terence Ranger ameifuatilia safari yake katika kitabu alichokitoa 1975. Huku kwetu ikageuka: Wanyasa wakaicheza mganda, watu wa kaskazini mwa Malawi wakaiita malipenga na kupiga vibuyu mahali pa matarumbeta, na migodini Zambia ikaibuka kalela, aliyoichunguza J. Clyde Mitchell katika miaka ya 1950.

Maana yake ni kwamba kijana wa Lamu, wa Karonga na wa Kitwe wana ndugu katika ngoma, na njia waliyopitia ndugu hao inapita jirani na Tunduma. Hiyo ndiyo hoja ya kitamaduni ambayo mpaka huu unaweza kuisimamisha mbele ya dunia bila kuazima kwa mtu: watu wa hapa walipokea, wakageuza, wakapeleka mbele. Mahali pa kuonyesha mganda, malipenga na kalela katika uwanja mmoja, wachezaji wakishindania watazamaji kama Bagika na Bagalu, ni mjini mpakani, na wasanii wenyewe wako umbali wa safari ya basi.

Songwe ifanye nini

Asasi ya utamaduni inayosajiliwa Tunduma au Vwawa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 ina kazi ya mwunganishaji. Isigeuke mwenye ngoma. Kutokana na mifano hii naona mambo manne ya kufanya.

La kwanza ni mkataba wa maandishi na serikali ya kijiji, uliopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo kwa utaratibu hukaa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Ada ya mgeni nayo isomwe hapo, kwa sauti, risiti zikiwa mezani. Mamlaka inayosimamia kimondo iwe upande mmoja wa mkataba, kijiji upande wa pili, asasi ikiwa shahidi na mtunza kumbukumbu.

La pili ni orodha ya visivyoonyeshwa. Ikae kamati ya wazee wa kiume na wa kike, kila upande useme lililo lake. Mambo ya unyago, makaburi ya machifu, dawa na matambiko yaamuliwe na wanaohusika nayo, na uamuzi wao usihojiwe na mpiga picha yeyote. Kinondo imeshathibitisha kwamba mgeni hukubali.

La tatu ni vijana wa kuongoza wageni, wanaojua vitu viwili kwa pamoja: sayansi na simulizi. Mwongozaji wa Ndolezi aweze kueleza nikeli ni nini, kisha aeleze babu yake aliyeyushaje chuma, na kama inawezekana kijengwe kielelezo cha tanuri la Wanyiha jirani na kimondo, kwa mikono ya mafundi wa hapo. Habari za Shingopana na Mnyamawamtuka zichapwe kwa Kiswahili, zibandikwe shuleni Mkwajuni, Itumba na Vwawa. Mtoto anayeijua ardhi yake ndiye mwenyeji wa kesho.

La nne ni kalenda ya nchi tatu. Juni 30, Siku ya Vimondo Duniani iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2016, tayari huadhimishwa Mbozi. Siku hiyo iunganishwe na mashindano ya ngoma, kisha mgeni apelekwe mbele. Barabara ya lami ya Mpemba hadi Isongole, kilomita 50.3, inamfikisha mpaka wa Malawi. Kutoka Chitipa lami inaendelea hadi Karonga kwenye jumba la Malawisaurus. Upande wa Zambia, Mbala na Moto Moto yake inafikika kutoka Nakonde. Mtu akizunguka vituo vitatu hivyo kwa wiki moja ataondoka akiwa ameona chuma cha angani, mifupa ya kale na ufundi wa kina mama wa Kibemba, na kila nchi itakuwa imelaza mgeni usiku mmoja au miwili. Mashirika ya makumbusho ya Karonga na Mbala ndio washirika wa kwanza wa kuandikiwa barua, kabla ya Ulaya.

Mifano yote niliyoitaja ina upungufu wake, lakini iliyosimama imara zaidi ni ile iliyomwachia mwenye mila ufunguo. Bujora iliziacha ngoma kwa wachezaji, Kinondo iliuacha msitu kwa wazee, na vijiji vya kaskazini vilishika daftari la ada. Asasi ya Songwe inayotaka kuusaidia utalii wa mkoa wake ianze kwa kuomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, ikae nyuma, isikilize wanakijiji wanataka mgeni aone nini na asione nini. Maandiko ya kuomba fedha yaandikwe baada ya hapo, yakiwa na saini ya kijiji kwenye ukurasa wa kwanza.